Odi mu monde: namna marafiki wanavyopatana ndani ya mchezo wa kompyuta

Utangulizi

Katika somo la uchambuzi wa mazungumzo tulipewa kazi ya kurekodi mazungumzo ya kawaida na kuyaandika neno kwa neno. Wenzangu walienda sokoni, wengine kwenye kituo cha mabasi, mmoja akarekodi bibi yake akipika bukari. Mimi nilirekodi marafiki zangu tukicheza Minecraft. Nilipotaja mada hiyo mbele ya wenzangu, kulikuwa na kicheko. Mwenzetu mmoja aliuliza kama watu wanaochimba mawe yasiyokuwepo wanaweza kuwa na lugha ya kuchunguzwa.

Swali lake halikuwa baya. Makala hii ni jaribio la kulijibu. Nitaonyesha kwamba tendo dogo kabisa, yaani kuingia katika mchezo ambamo rafiki zako wapo tayari, linabeba mambo mengi ya sarufi na ya adabu ya Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Nitauliza maswali matatu. Kwanza, tunatumia vitenzi gani kusema kwamba tumeunganika? Pili, tunasemaje mahali tulipo, tukiwa hatupo mahali pamoja? Tatu, nani husema kwanza mtu anapoingia, na kwa nini? Swali la nne sikulipanga. Lilikuja lenyewe mwaka 2025, na msomaji ataliona mbele.

1. Wachezaji na rekodi

Sisi ni wanne, na tulianza kucheza pamoja tukiwa sekondari hapa Lubumbashi. Sitaandika majina. Wa kwanza nitamwita Yaya, kwa sababu anatuzidi umri na ndivyo tunavyomwita sote, anakaa Katuba. Wa pili alienda kufanya kazi Likasi, nami namwita wa Likasi. Wa tatu alihama na wazazi wake kwenda Goma, nami namwita wa Goma. Wa nne ni mimi. Dunia ya mchezo wetu imehifadhiwa katika kompyuta yangu, kwa hiyo mimi ndiye mwenyeji. Neno hilo litarudi.

Nilirekodi kwa idhini ya wote. Sauti tunazipitisha kwenye simu ya pamoja ya WhatsApp, kila mtu na simu yake kando ya kompyuta. Maandishi tunayaandika katika dirisha la mchezo wenyewe. Kwa hiyo nina aina mbili za data: maneno yaliyosemwa na maneno yaliyoandikwa. Mifano hapa chini naiandika kama ilivyotamkwa, kisha naitafsiri kwa Kiswahili sanifu.

2. Kompyuta zinavyounganika

Msomaji asiyecheza anahitaji kujua kidogo namna jambo linavyofanyika, kwa sababu sarufi tutakayoiona inafuata njia hiyo hatua kwa hatua.

Minecraft ilitolewa rasmi mwaka 2011 na kampuni ya Mojang ya Sweden. Mchezaji anapewa dunia ya vipande vya mraba, anachimba, anajenga, usiku anajikinga na mazombi. Tangu mwaka 2012 mtu anayecheza peke yake anaweza kufungua dunia yake kwa kompyuta zote zilizo katika mtandao uleule wa nyumba. Anabonyeza kitufe kimoja, na mchezo unamwonyesha namba ya mlango, namba ambayo kwa kawaida inabadilika kila mara anapofungua. Kompyuta za wenzake, zikiwa kwenye ruta ileile, mara nyingi zinaiona dunia hiyo zenyewe. Zisipoiona, wenzake wanaandika adresi ya kompyuta ya mwenyeji, ambayo nyumbani huwa inaanza na 192.168, kisha nukta mbili, kisha namba ya mlango.

Mambo matatu huharibu safari. La kwanza ni toleo: wote wawe na toleo moja la mchezo, la sivyo mgeni anakataliwa. La pili ni programu ya ulinzi ya kompyuta, inayozuia wageni hadi mwenyeji airuhusu. La tatu ni umbali: adresi inayoanza na 192.168 ni ya ndani ya nyumba tu, na mtu aliye Likasi akiiandika hafiki popote. Tulipotawanyika tulitumia programu ya Hamachi, inayoziweka kompyuta zilizo mbali katika mtandao mmoja wa kubuni, kana kwamba zote ziko chumba kimoja. Kundi la kompyuta tano halilipi kitu. Kila kompyuta inapata adresi nyingine, na mgeni anaandika hiyo badala ya ile ya nyumbani.

Jambo la mwisho, nalo ni muhimu kwa sehemu ya tano: mtu anapoingia, mchezo wenyewe unaandika mstari wa manjano kwenye skrini za wote, ukisema kwamba fulani amejiunga na mchezo. Akitoka, mstari mwingine wa manjano unasema fulani ameondoka.

3. Kukonekte na kupatana

Hebu tuanze na vitenzi. Tazama mifano hii mitatu:

(1) Ngoja, yaya, minajikonekte. — Subiri, kaka, ninajiunganisha.
(2) Unikonekte na wifi yako. — Uniunganishe na wifi yako.
(3) Kompyuta yake haiyakonekte. — Kompyuta yake bado haijaunganika.

Kitenzi ni cha Kifaransa, lakini kila kiungo kinachokizunguka ni cha Kiswahili: kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa, cha ukanushi. Myers-Scotton, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya kuchanganya lugha, alieleza hali hii kwa data nyingi za Kiswahili na Kiingereza kutoka Nairobi: lugha moja inatoa fremu, nyingine inatoa maneno ya kujaza. Hapa fremu ni Kiswahili bila shaka yoyote. Hata -ji- ya mfano wa kwanza imefika mahali ambapo Kifaransa kinaweka kiwakilishi chake cha kujirejea.

Angalia sasa irabu ya mwisho. Kitenzi cha Kibantu hubadilisha mwisho wake: anaingia, aingie, haingii. Kukonekte hakibadiliki: anakonekte, akonekte, hakonekte. Wengine husema hii ni dalili ya lugha kuharibika. Lakini Kiswahili kina vitenzi vya namna hiyo tangu zamani, vilivyotoka Kiarabu: kusamehe, kujibu, kusafiri. Tunasema anasamehe, asamehe, hasamehe, na hakuna mwalimu anayesahihisha. Kukonekte kimeingia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na chumba chake. Matokeo yake ni kwamba -e ya mwisho, ambayo katika vitenzi vya Kibantu inaonyesha ombi au nia, hapa haionyeshi kitu, na msikilizaji anategemea viambishi vya mbele peke yake. Katika mfano wa (2), mtu asiyejua Kifaransa angeweza kabisa kudhani kwamba ni ombi lililotokana na kitenzi *kukonekta*.

Tofauti moja inabaki. Vitenzi vya Kiarabu vilivyokaa muda mrefu vinakubali minyambuliko: tunasema kusameheana, kujibiwa, kusafirisha. Katika rekodi zangu, kukonekte hakikunyambuliwa hata mara moja. Hakuna aliyesema *tukonekteane*. Nilipotafuta kauli ya kutendeana, niliipata katika vitenzi vingine:

(4) Kesho mangaribi tupatane mu monde. — Kesho jioni tukutane duniani, yaani katika dunia ya mchezo.
(5) Tungojane, tusiachane. Bazombi banakuya. — Tungojeane, tusiachane. Mazombi wanakuja.

Kupatana, kungojana, kuachana, kusikilizana, kuonana: rekodi zimejaa -ana. Hapo ndipo mpangilio unapoonekana. Jambo likiwa la waya, ruta na adresi, kitenzi ni cha Kifaransa na hakina -ana. Jambo likiwa la mtu na mtu, kitenzi ni cha Kiswahili na -ana iko. Hatusemi kwamba tumekonekte na rafiki. Tunakonekte kompyuta ili tupatane na rafiki. Katika lugha ya wachezaji wanne hawa, hayo ni matendo mawili, na la kwanza linaweza kufaulu bila la pili.

4. Ku seva, mu monde, pa mulango

Kila mwanafunzi wa idara yetu anajua kwamba Kiswahili cha Lubumbashi, kama cha Kivu, hakitumii sana kiishio cha -ni cha mahali. Badala ya nyumbani tunasema ku nyumba, mu nyumba au pa nyumba, kama lugha nyingine nyingi za Kibantu zinazotuzunguka. Ngeli za 16, 17 na 18, ambazo katika Kiswahili sanifu zimejificha katika upatanisho, kwetu zimesimama mbele ya nomino, wazi kabisa. Schicho aliyachunguza mambo ya sintaksia ya Kiswahili cha Lubumbashi katika kitabu chake cha mwaka 1982, na de Rooij mwaka 1996 akachunguza namna Kiswahili na Kifaransa vinavyopokezana katika mazungumzo ya mji huu. Wao walifanya kazi na watu waliokuwa mahali fulani. Mimi nilitaka kujua ngeli hizi tatu zinafanya nini pale mahali penyewe ni pa kubuni.

(6) Niko ku seva, lakini siyaingia mu monde. — Nimefika kwenye seva, lakini bado sijaingia katika dunia.
(7) Niko pa mulango yako, unifungulie. — Nipo mlangoni pako, nifungulie.
(8) Eko mu monde, lakini haiko pa kompyuta. — Yumo duniani, lakini hayupo penye kompyuta.

Mfano wa (6) unafuata hatua za kuunganika nilizozieleza. Ku inataja upande wa mashine: kufika, kugusa, kuelekea. Mu inataja undani: mtu ana mwili humo, anaweza kupigwa na zombi. Kati ya ku na mu kuna muda wa kungoja, skrini ikijaa, na kila anayecheza kwa mega chache anaujua muda huo vizuri. Pa inataja nukta moja kamili: mlango huu, si mwingine. Sikusikia mtu akichanganya ku na mu katika muktadha huo. Niliposema kwa makusudi “niko mu seva”, wa Likasi alinijibu: “Mu seva? Wee ni kipanya?” Maana yake, mtu anayekaa ndani ya mashine ni panya aliyeingia kwenye nyaya.

Mfano wa (8) ulinishangaza zaidi. Yaya alikuwa ameenda kula, na mwili wake wa mchezo ulikuwa umesimama tu katikati ya shamba la ngano. Sentensi moja inamweka mahali pawili, mu na pa, inakubali pamoja na inakataa pengine, wala hakuna anayeona mgongano. Kiswahili sanifu kingeweza kusema hivyo hivyo kwa yumo na hayupo. Ni sarufi ya zamani kabisa ya Kibantu, inayofanya kazi mpya bila kubadilishwa hata skrubu moja.

5. Nani husema kwanza?

Mwaka 1968 Schegloff alichapisha makala maarufu juu ya mwanzo wa mazungumzo ya simu nchini Marekani. Aliona kwamba anayepokea simu ndiye anayesema kwanza. Mwito ni mlio wa simu wenyewe. “Halo” ya mpokeaji ni jibu kwa mlio huo. Kanuni hiyo inaonekana ndogo, lakini inaeleza kwa nini mtu akipokea simu na kunyamaza, mpigaji anababaika.

Sasa fikiria mchezo wetu. Mgeni anapoingia, mashine inaandika mstari wa manjano. Mstari huo unafanana na mlio wa simu: unawaita waliomo watazame. Kama mchezo ungefuata kanuni ya simu, mwenyeji angesema kwanza. Haikuwa hivyo. Tazama kipande hiki, ambacho ni cha kawaida kabisa katika rekodi zangu:

(mstari wa manjano unatokea, kimya kifupi)
Yaya: Odi!
Mimi: Karibu. Unanisikia muzuri?
Yaya: Minakusikia. Bote beko?
Mimi: Wa Likasi eko anakuya.

Anayeingia ndiye anayesema kwanza, na anasema odi. Hii si kanuni ya simu. Ni kanuni ya lupango, ya ua wa nyumba. Hapa kwetu mgeni hasubiri kuulizwa. Anasimama pa mulango, anaita odi, na haingii kabla ya kusikia karibu. Na jambo la kuchekesha ni kwamba mchezaji anayesema odi alishaingia. Mashine haikuuliza mtu. Anabisha hodi akiwa amesimama katikati ya nyumba.

Kwa nini basi anabisha? Jibu langu ni hili: mstari wa manjano unatangaza kwamba kompyuta imefika, wala si zaidi ya hapo. Tuliona katika mfano wa (8) kwamba mwili unaweza kuwemo na mtu asiwepo. Kompyuta ya wa Likasi inatumiwa pia na mdogo wake, na zaidi ya mara moja aliyeingia kwa jina lake hakuwa yeye. Odi, kwa sauti ya mtu, inathibitisha kwamba aliyeingia ni mtu yule, yupo pa kompyuta, na anakuja kwa heri. Karibu inampokea. Baada ya maneno hayo mawili tu ndipo tunasema kwamba tumepatana.

Kuna upande wa pili wa ushahidi. Mara chache mimi mwenyeji nilisema kwanza. Nilizisikiliza tena moja moja. Kila mara mgeni alikuwa ameingia na kunyamaza kupita kiasi cha kawaida, na maneno yangu yalikuwa ya namna moja: “Wee uko?” Hiyo si salamu. Ni swali la mtu aliyesikia hatua uani usiku asisikie odi. Kwa hiyo hata pale kanuni inapovunjwa, inavunjwa kwa namna inayoonyesha kwamba ipo.

Neno mwenyeji lenyewe linasaidia hapa. Katika mchezo wa namna yetu, mwenyeji akifunga kompyuta yake, dunia inafungwa kwa wote. Hakuna anayeweza kubaki. Wageni wanalijua hilo na wanalisema: “Mwenyeji analala lini?” Hawaniulizi kuhusu seva. Wananiuliza kama watu waliokaa kwenye viti vyangu.

6. Kutoka na kukatika

Nimesema kwamba mtu akiondoka, mashine inaandika mstari wa manjano. Mstari huo ni mmoja tu. Aliyebonyeza kitufe cha kutoka, aliyeishiwa na mega, aliyekatikiwa na umeme: wote wanaandikiwa kwamba wameondoka. Kiswahili chetu hakikubali. Tunasema:

(9) Alisha kutoka. — Ametoka.
(10) Alikatika. — Amekatika.

Aliyetoka aliaga. Alisema “mubaki muzuri”, tukamjibu, akaondoka. Aliyekatika hakuaga. Kitenzi kukatika kina kiambishi cha -ik-, ambacho katika sarufi tunakiita cha kutendeka: jambo limempata, na mtendaji hatajwi wala hatafutwi. Halaumiwi. Tukisema kwamba rafiki alitoka bila kuaga tunamshitaki. Tukisema alikatika tunamsamehe papo hapo, na tunalinda vitu vyake hadi arudi. Ni adabu nzima ndani ya kiambishi kimoja, na mashine haina njia ya kuisema.

Nilikuwa nimeandika aya hiyo tayari, kwa mifano ya umeme wa Katuba na mega za Likasi, ilipofika Januari 2025.

Katika juma la mwisho kabla ya vita kufika mjini, wa Goma alikuwa bado anaingia, kwa muda mfupi, usiku. Alikuwa anajenga nyumba juu ya maji, na paa lilikuwa limebaki upande mmoja. Hatukuzungumza sana juu ya habari. Aliuliza kama shamba la ngano limekomaa. Usiku mmoja alianza kusema “Ngoja kwanza—”, na mstari wa manjano ukatokea. Yaya alisema, kama kawaida: “Alikatika.” Tukangoja. Rekodi ilikuwa inaendelea kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba narekodi.

Mwisho wa mwezi ule vita vilifika Goma. Umeme, maji na intaneti vilikatika katika sehemu kubwa za mji. Simu yake haikupatikana. Kwa siku kumi na mbili tuliingia kila jioni, sisi watatu, na hatukujenga kitu. Hakuna aliyeligusa paa lile.

Katika siku hizo nilisikia jambo ambalo sikuliona nilipokuwa nalo sikioni. Tulibadilisha wakati wa kitenzi. Siku ya kwanza tulisema “alikatika”. Siku zilizofuata tulisema “eko alikatika”, yaani yupo katika hali ya kukatika, kana kwamba kukatika ni mahali ambapo mtu anaweza kukaa, akiwa mzima. Wa Likasi alisema hivyo kwanza, na sote tukamfuata. Hakuna aliyesema alitoka. Hakuna aliyesema alienda. Kuna vitenzi ambavyo watu watatu walivikwepa kwa siku kumi na mbili bila kupatana kwamba wanavikwepa.

Vitabu vyetu vinatufundisha kwamba maneno kama “uko?” na “unanisikia?” ni ya kupima njia tu. Jakobson mwaka 1960 aliita kazi hiyo ya lugha kazi ya kifatiki, akifuata neno la Malinowski: maneno ambayo hayaleti habari, yanashikilia tu uzi wa mazungumzo. Naliheshimu somo hilo, na nililijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini kuna jioni ambapo “uko?” ndiyo habari peke yake inayotakiwa.

Siku ya kumi na tatu mstari wa manjano ulitokea na jina lake. Rekodi inaonyesha kwamba kanuni yangu yote ya sehemu ya tano ilivunjika: mimi, Yaya na wa Likasi tulisema “wee uko?” kwa pamoja, juu kwa juu, mara tatu au nne, kwa maandishi pia, maana hakuwa kwenye simu. Naye hakujibu swali letu. Aliandika katika dirisha la mchezo neno moja: “odi”. Kisha akangoja. Tulipoandika “karibu”, ndipo akaandika kwamba yeye na wazazi wake wako wazima, kwamba anatumia intaneti ya jirani, na kwamba atakatika tena.

Baadaye nilimwuliza kama naweza kutumia rekodi ya usiku ule katika kazi ya chuo. Alifikiri, akasema: “Maneno utumie. Sauti yangu ubaki nayo.” Ndivyo nilivyofanya.

Hitimisho

Nimeonyesha mambo manne. Kitenzi kukonekte kimeingia katika sarufi yetu kwa mlango uleule wa vitenzi vya Kiarabu, lakini kutendeana tunakuachia vitenzi vya Kiswahili: kompyuta zinakonekte, watu wanapatana. Ngeli za mahali ku, mu na pa zinagawa safari ya kuingia katika hatua zilizo wazi. Mwanzo wa mazungumzo katika mchezo wetu unafuata desturi ya mlango, si ya simu. Na kiambishi cha -ik- katika kukatika kinatofautisha kile ambacho mashine inakichanganya.

Data yangu ni ndogo, marafiki wanne wa mji mmoja, nami ni mmoja wao. Mtu aliye ndani huona mengi na hukosa mengine. Sidai kwamba wachezaji wote wa Kongo husema odi. Nadai kwamba swali lile la mwenzetu aliyecheka lina jibu: ndiyo, watu wanaochimba mawe yasiyokuwepo wana lugha, kwa sababu wao wenyewe wapo, na kila jioni wanalazimika kuthibitishiana hilo kwa maneno.

Zoezi kwa msomaji

Rekodi, kwa idhini, dakika tano za kwanza za watu wanaokutana kwa njia ya mashine: mchezo, simu ya pamoja, mkutano wa kanisa kwenye intaneti. (a) Andika nani anasema kwanza, na baada ya ishara gani ya mashine. (b) Orodhesha vitenzi vyote vya kuunganika. Vipi vinakubali -ana, na vipi vinakataa? (c) Mtu anapoondoka bila kuaga, wanaobaki wanatumia kitenzi gani? Usiharakishe kujibu (c). Sikiliza pia siku inayofuata.